Mikono Minne, Mayai Matano

Mama mdogo wangu Tupokigwe hakupenda kusimulia. Haya niliyapata kwake kidogo kidogo, katika miaka minne aliyokaa nasi Igawilo, tukipalilia viazi au tukichambua maharage. Mengine niliyaona mwenyewe. Niliyoambiwa nitasema niliambiwa, na niliyoyaona nitasema niliyaona.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Mwaka sabini na moja, mpunga umeshavunwa, naye ana wiki ya tatu kwa mumewe. Mume, Magesa, alikuwa ametoka na ng'ombe. Walikuwa Wasukuma waliohama na mifugo yao kutoka Shinyanga, wakaweka mji, nyumba zao na zizi, kwenye mbuga za Usangu, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Chimala. Magesa alimwona mama mdogo gulioni Chimala akiuza viazi vya kwetu, akarudi gulio lililofuata, na lililofuata tena. Babu yangu Yotamu, mzee wa kanisa, alikataa katakata. Mama mdogo akaenda hivyo hivyo.

Asubuhi hiyo alikuwa anasuuza vibuyu vya maziwa. Mama mkwe wake, Nyamizi, alimwita kwa mkono, bila sauti. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, asiyecheka na asiyegomba. Alimpeleka nyuma ya zizi, kwenye kihenge kikubwa ambacho mama mdogo hakuwahi kuona mtu akitoa nafaka humo. Chini yake palikuwa na kitundu kilichozibwa kwa ngozi ya ng'ombe.

"Vua kandambili," Nyamizi alinong'ona. "Halafu utambae."

Ndani palikuwa na giza, ingawa nje jua lilikuwa kali. Mama mdogo aliniambia hakuona kitu mwanzoni. Kisha akaona mikono yake mwenyewe. Aliiona kwa sababu kulikuwa na mwanga, wa kijani, kama wa kimulimuli, ila haukupepesa. Ulikuwa unatoka chini, katikati ya sakafu, kwenye kiota kipana kama ungo. Kilikuwa kimesukwa kwa majani makavu, kwa singa za mkia wa ng'ombe, na kwa nywele za watu.

Ndani ya kiota yalikuwamo mayai manne, kila moja kama la kanga. Yalikuwa yanawaka.

"Hili langu," Nyamizi alisema, akionyesha bila kugusa. "Hili la Magesa. Hili la Bujiku." Bujiku alikuwa mdogo wake Magesa, kijana wa miaka kumi na minane.

"Na la nne?"

"Halikuwepo kabla hujafika hapa."

Mama mdogo alilitazama. Lilikuwa dogo kuliko mengine, na mwanga wake ulikuwa bado mchanga.

Nyamizi alimweleza kwa maneno machache. Hakuna aliyejua yalitagwa na nini. Bibi yake aliyakuta kwa bibi yake. Anayeingia katika nyumba, yai lake hujitokeza. Yai likiwa zima, mwenye yai haumwi, haliwi na simba, haangukiwi na mti. Yai likiharibika, naye anaharibika vivyo hivyo. Uzee tu ndio hauzuiliki, na mzee akichoka kabisa, yai lake huvunjwa ili apumzike. Kwa hiyo lazima lilindwe. Kenge hulitaka, panya hulitaka, siafu hulitaka kuliko wote. Na wanaolinda ni wanawake wa nyumba, kwa zamu, mchana na usiku. Mkono wa mwanamume ukiligusa, linazimika.

"Baba mkwe wako, Kashindye, alikufaje? Uliambiwa?"

"Niliambiwa alianguka kisimani."

"Alianguka kisimani mifupa yote imebanwa, mpaka mbavu zimeingiana. Mke mwenzangu alikuwa zamu. Alisinzia. Kenge akaingia, akameza moja tu."

Mama mdogo alikuwa binti wa mzee wa kanisa. Aliniambia kwamba alitaka kukimbia siku ile ile. Alifika mpaka mtoni. Pale mtoni akakumbuka kwamba yai lake lingebaki nyuma, na mtu wa kulilinda angekuwa mwanamke ambaye amemkimbia. Akachota maji, akarudi.

Akalinda. Alijifunza kunyunyiza majivu kwenye kitundu, kuua kenge kwa mti wa moto, kusikiliza siafu kabla hawajaonekana, maana siafu wengi wakitembea kwenye nyasi kavu wana sauti, kama mtu anayekunja karatasi mbali. Mwaka sabini na tatu alijifungua mtoto wa kike. Akampa jina la mama yangu, Rozalia, wakamwita Roza. Asubuhi ya siku ya pili alitambaa kuingia kihengeni, mwili bado unamuuma. Mayai yalikuwa matano. La tano lilikuwa kama la njiwa. Aliniambia alikaa akilitazama mpaka maziwa yakamtoka yenyewe. Kabla mtoto hajaanza kutembea, yai lake lilikuwa limeshalingana na ya wakubwa.

Mwishoni mwa mwaka sabini na nne likatoka agizo kwamba watu wote waliotawanyika mbugani wahamie kijiji kimoja, kando ya barabara. Mgambo walipita wakasema Jumatatu. Wakaja Ijumaa iliyoitangulia.

Walikuja asubuhi, na trekta lenye tela, na mienge ya nyasi. Hawakuwa watu wabaya wote. Mmoja alimsaidia Magesa kufungua zizi. Lakini kazi yao ilikuwa kwamba mtu akitoka, nyumba inachomwa, asipate pa kurudi. Walianzia mji wa jirani. Moshi ukaonekana juu ya migunga. Nyamizi akamshika mama mdogo mkono, wakatambaa kihengeni.

"Tulipotoka Shinyanga tulikuwa wanawake saba," Nyamizi alinong'ona. "Tukabeba hivi, kila kiganja yai moja. Yakitoka kiotani hayakai kwenye kibuyu wala kwenye nguo. Yanataka nyama ya mkono. Na mawili hayakai kiganja kimoja, yanazimishana."

Mama mdogo alitazama mikono yake. Akatazama ya mama mkwe. Minne. Akatazama kiota.

"Acha langu, Mayu," alisema. Mayu ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama. "Mtoto achukuliwe."

Nje mtu alikuwa anapiga debe, akiwahimiza watoke.

"Wewe bado kijana," Nyamizi alisema hatimaye. "Utamwachia nani mtoto? Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha. Litabaki langu."

Mama mdogo alipiga magoti pale pale, kichwa kikagusa sakafu. Aliniambia kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kumpenda mtu kama alivyompenda mwanamke yule kwa muda ule mfupi.

Nyamizi akachukua yai moja, akaliweka kwenye kiganja cha kulia cha mama mdogo, akamfumba vidole kimoja kimoja. "Hili la Roza." Akaweka jingine kwenye cha kushoto. "Hili lako." Yale mawili akachukua mwenyewe. "La Magesa. La Bujiku." Lililobaki akalisogeza kwa kisigino mpaka katikati ya kiota, wakatoka.

Walitembea. Vyombo vilipanda kwenye tela, Bujiku akaswaga ng'ombe, Magesa akambeba Roza mabegani. Wanawake wawili walitembea nyuma, mikono imefumbwa. Mgambo mmoja alimwambia mama mdogo abebe chungu.

"Nimeungua mikono," alijibu.

"Yote miwili?"

"Yote."

Mgambo alimtazama, akakibeba mwenyewe.

Walipofika kwenye mti mkavu, mahali ambapo njia inapinda, walisikia nyuma yao mlio wa nyasi zinazoshika moto. Mama mdogo hakugeuka. Alimtazama mama mkwe wake. Alikuwa anangoja kumwona akipepesuka, na alikuwa ameshajiandaa kumwegemeza kwa bega.

Nyamizi alikuwa anatembea. Mgongo umenyooka. Hatua ndefu.

Mbele, Roza akakohoa.

Akakohoa tena. Magesa akamshusha mabegani, akamkumbatia, akasema labda ni vumbi la ng'ombe. Mtoto alikuwa ametoa macho. Alimwona mama yake, akanyoosha mikono yote miwili.

Mama mdogo alisimama hatua mbili mbele yake. Hakumshika. Angemshikaje? Alikuwa na uhai wake kwenye mkono wa kulia. Aliufumba zaidi. Yai lilikuwa na joto zuri, kama shavu la mtoto aliyelala. Lilikuwa zima. Kwa hiyo mtoto hawezi kufa. Alimwambia hivyo, kwa sauti ya chini, kwa Kinyakyusa, kwamba mama amekushika, mama hajakuachia.

Roza alikohoa kwa muda wa kutembea kutoka pale mpaka kwenye kivuli kilichofuata. Mikono ikiwa imenyooshwa. Halafu akaacha.

Yai la kulia lilikuwa bado na joto.

Mwili wa mtoto haukuwa na jeraha. Lakini Magesa alipoinamisha uso kwenye nywele zake alishtuka, akazigusa. Ncha zote zilikuwa zimejikunja, kama nywele zilizopitiwa na moto.

Walimzika jioni ile kwenye kijiji kipya, kaburi la kwanza la kijiji kile. Mama mdogo alisimama kando, mikono imefumbwa. Wanawake wengine walimsema kwamba hana uchungu. Watu walipotawanyika, alimfuata Nyamizi nyuma ya tela.

"Nimebeba la nani?"

"La Magesa."

"Lako liko wapi?"

Nyamizi alifungua kiganja kidogo. Mwanga ukamgusa kidevu.

"Mwanangu," alisema, "ndama akifa na ng'ombe akabaki, ndama mwingine atakuja. Wewe bado unazaa. Nikifa mimi, nani ajuaye kuyalinda?"

"Ungeniambia ni la Magesa."

"Ungelibeba hivi? Kilomita zote hizi bila kulegeza kidole?" Nyamizi aliutazama ule mkono wa kulia, kucha zimeingia kwenye nyama, damu imekauka. "Hakuna anayefumba mkono kama mama."

Mama mdogo hakumpiga wala hakulia. Aligeuka, akashika njia ya Chimala. Nyamizi alimfuata mpaka mwisho wa kijiji, akimwita kwa sauti ya kunong'ona, maana hakutaka Magesa asikie. Kisha akasimama. Angefanya nini? Angemnyang'anya kwa mikono ipi?

Hapo ndipo mimi nilipoingia. Naitwa Sekela, nilikuwa na miaka kumi. Kesho yake mchana tulikuwa tunapukuchua mahindi, tukasikia mlango unabishwa, sauti nzito isiyo ya mkono. Nikafungua. Mama mdogo alikuwa anabisha kwa kiwiko.

Aliomba chungu kipya. Akamwambia mama amkate nywele zote. Alizichanganya na majani, akatengeneza kiota ndani ya chungu kwa kutumia vidole viwili na meno, na ndipo akafungua mikono. Haikunyooka. Mama aliiloweka kwenye maji moto na samli kwa wiki nzima.

Babu Yotamu alikuja na wazee wawili wa kanisa, akataka kukichoma kile chungu. Mama mdogo alisimama mlangoni. "Baba," alisema, "mle ndani nimo mimi. Ukitaka kuchoma, choma." Babu alisali huku analia, akaondoka, na hakukanyaga tena nyumbani kwetu.

Alikiweka chungu dirishani, dirisha la upande wa mlima, lisilo na kioo. Kila mtu wa Mbeya anajua Juni na Julai zetu, umande unavyoganda kwenye majani ya viazi. Mama alimwambia akisogeze mekoni kwenye moto. Alikataa. Tangu hapo mama mdogo alikuwa mtu wa baridi. Mchana wa jua kali alivaa sweta mbili na kitenge, na ukimgusa ni kama unagusa jiwe la mtoni. Nilidhani ni huzuni.

Mwaka sabini na sita Magesa alikuja. Nilimwona akipanda njia yetu, nikafikiri ni mzee. Alikuwa amejifunika mablanketi mawili, meno yanagongana. Alikaa uani, mama mdogo akasimama kwenye kizingiti.

"Nakaa juani Usangu, saa saba mchana," Magesa alisema. "Nimezungukwa na moto. Nasikia baridi mpaka kwenye ulimi."

"Najua. Hata mimi."

"Sikujua alichofanya. Nilikuja kujua baadaye."

"Ulipojua ulifanya nini?"

Magesa aliangalia chini. "Ni mama yangu."

Mama mdogo alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia jibu alilolitegemea. Alimletea uji. Alipomaliza kunywa, Magesa akamwuliza kwa nini hakulivunja lile yai, kama ana chuki kiasi kile.

"Nikilivunja, mama yako atalia siku moja," alisema. "Nikilishika, analia kila siku."

Akamsindikiza mpaka kwenye kona. Niliona amemrekebishia blanketi shingoni, na kwa muda kidogo mkono wake ukabaki pale pale.

Alilinda. Alilala ameegemea ukuta chini ya dirisha. Paka hakufugwa kwetu, kuku hawakuingia. Siku panya alipopanda dirishani, mama mdogo alimdaka kwa mkono mtupu na kumminya, macho hata hayakubadilika. Mimi nilijua lipi ni la Magesa na lipi ni lake, kwa sababu lake lilikuwa limeanza kufifia pembeni. Nilipomwambia, alisema ameona.

Mwaka sabini na nane, wakati wa mvua za kwanza, Nyamizi alikuja.

Alikuwa peke yake. Sijui alivyopanda basi. Mkono wa kulia ulikuwa umefumbwa, amefungia kitenge juu yake. Alipofika uani alifanya jambo ambalo mkwe hamfanyii mke wa mwanawe. Alipiga magoti kwenye tope.

"Hawezi kusimama tena," alisema. "Vidole vya miguu vimekuwa vyeusi. Nimeleta langu. Livunje. Nipe la mwanangu."

Akafungua kiganja. Lilikuwa kubwa kuliko nilivyowahi kuona, linawaka kiasi kwamba matone ya mvua yaliyokuwa yanaangukia kitenge chake yalionekana ya kijani.

Mama mdogo alishuka ngazi. Akalichukua. Akaingia ndani, akatoka na la Magesa, akaliweka kwenye kiganja cha yule mzee na kumfumba vidole, kimoja kimoja.

Nyamizi alifumba macho. Alikuwa anasubiri.

Mvua ilinyesha. Tulisimama. Hakuna kilichotokea, akafumbua macho.

"Nenda nyumbani, Mayu," mama mdogo alisema.

"Hulivunji?"

"Nitalilinda."

Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikadhani amesamehe. Nilifurahi hata. Yule mzee ndiye aliyeelewa kabla yangu.

"Mwanangu. Nina miaka sabini. Viungo vinaniuma. Macho yanakwisha."

"Najua."

"Utalilinda mpaka lini?"

Mama mdogo alimwinua kwa upole, akampangusa tope magotini.

Jioni ile alichukua jembe akaenda shambani, amebeba lile yai kifuani. Alinikataza nisimfuate. Aliporudi hakuwa nalo. Aliniambia liko mahali ambapo panya hafiki, siafu hawafiki, na moto haufiki. Kwenye chungu likabaki moja, lake, na mwanga wake sasa ulikuwa kama wa kaa linalokaribia kuwa jivu.

Tulisikia baadaye kwamba Magesa alipona, akaoa. Mama mdogo aliposikia alisema vizuri.

Machi ya mwaka uliofuata masika yalikuwa makubwa. Asubuhi moja nilikuwa nimebaki nyumbani na homa. Mama yuko shambani. Mama mdogo alikuwa amekaa chini ya dirisha, miguu ameinyoosha, kama alivyozoea. Nikasikia sauti. Ndogo. Kama mtu anayekunja karatasi mbali.

Nilitazama sakafu. Mstari mweusi ulikuwa umeingia chini ya mlango. Ulikuwa mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe. Ulipita kando ya miguu yake. Ulipanda ukutani. Ulikuwa umeshafika dirishani.

"Mama mdogo," nilinong'ona. "Siafu."

"Nimewasikia."

Nikaruka kutoka kitandani, nikakimbilia mekoni, nikachota majivu na makaa kwa kigae. Niliporudi alinishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na ulikuwa na nguvu.

"Waache."

"Wanaingia chunguni."

"Waache, Sekela. Nimelinda sana."

Sikuweza kujitoa. Sijui, pengine sikujaribu vya kutosha. Nimejiuliza hilo kila mwaka. Makaa yakazimika kwenye kigae. Kwenye chungu kulianza mlio, kama maji yanayochemka polepole. Mwanga wa kijani ulicheza kwenye dari. Ukapungua. Mama mdogo hakulia. Mara moja tu alivuta pumzi kwa meno, akajikuna mkononi, akaanza kujikuna shingoni. Halafu akaacha kujikuna. Alinitazama akasema jina. Halikuwa langu.

Vidole vyake vikafunguka. Vyote kumi vilinyooka kabisa, jambo ambalo halikuwa limewezekana tangu arudi.

Tulimzika upande wa juu wa shamba. Alipooshwa, wanawake waliona ngozi yake yote ina alama ndogo ndogo, maelfu, kama imechomwa kwa sindano. Kwenye nyumba nzima hakuna siafu aliyemgusa. Niliwaona mimi wakimpita.

Septemba mwaka huo huo, Bujiku alikuja. Alikuwa amekuwa mtu mzima, ana ndevu, amekonda. Alisalimia vizuri, akamtazama mama yangu Rozalia, akasema hakuja kwa ugomvi.

"Mama hali chakula tangu Februari," alisema. "Hanywi. Ngozi imemkauka kama ngoma. Hajainuka kitandani, tunamgeuza sisi. Haoni, hasikii. Lakini anapumua. Mganga wa kwanza alikimbia, wa pili alikimbia. Hospitali walisema tumrudishe nyumbani atakufa usiku ule. Hiyo ilikuwa Mei." Akamgeukia mama tena. "Tusaidieni afe."

Mama alimwambia ukweli, kwamba marehemu alilificha, na alikufa bila kusema wapi. Bujiku akaomba jembe.

Tulichimba siku tatu, sisi na majirani. Tulianzia kaburini tukaenda chini, mstari kwa mstari. Tulifukua viazi ambavyo havijakomaa. Tulichimba kwenye kingo za mfereji, kwenye mizizi ya miti, chini ya choo cha zamani. Hatukuona mwanga wala ganda. Adhuhuri ya siku ya tatu babu Yotamu alipita barabarani, akasimama, akatutazama, akaendelea na safari yake.

Mama akasema basi, tule. Akatuwekea beseni la maji uani, tunawe. Wa kwanza kunawa alikuwa Bujiku. Alikuwa amechimba kuliko wote, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko.

Udongo wa kwetu una vijiwe vidogo vyeupe, vyepesi, vyenye matundu. Wazee wanasema vilitoka kwenye Mlima Rungwe zamani, ulipokuwa unatema moto. Ukinawa, udongo unazama chini, vile vijiwe vinaelea juu ya maji. Sisi tumezaliwa tukiviona, hatuvitazami.

Bujiku alivitazama. Mikono ilibaki ndani ya beseni. Akachukua kijiwe kimoja, akakibonyeza kwa kidole mpaka chini, akakiachia. Kikapanda tena.

"Hivi ni nini?" aliuliza.

Mama alimwambia.

"Kwetu hakuna," alisema. "Kwetu ni udongo mweusi, unanata."

"Ndiyo. Kwenu haviwezi kuwepo."

Bujiku aliendelea kuinama juu ya beseni. Alipozungumza tena, ilibidi tusogee ili kumsikia.

"Kila asubuhi mke wangu anamwosha Mayu mikono. Kucha zake zimechakaa, zimeisha mpaka kwenye nyama, na sisi tunamkuta amelala vile vile tulivyomlaza. Anazisafisha kwa kijiti, anakung'uta kwenye maji." Akakibonyeza tena kile kijiwe. "Vinaelea. Tulidhani ni mifupa yake inamegeka. Mwanzoni vilikuwa viwili, vitatu. Siku niliyoondoka, beseni lilikuwa jeupe."